Karatasi ya Saa Kumi na Robo

Mwezi uliopita kocha mmoja kijana alinisimamisha kando ya uwanja hapa Thika, akanisalimu kwa heshima, kisha akaniuliza swali ambalo nilipaswa kujiuliza mwenyewe nikiwa na umri wake. "Kochi, wachezaji wangu wafanye mazoezi saa ngapi?"

Nikamjibu, "Saa ile mnayocheza mechi, ukiweza." Akaandika kwenye simu yake, akashukuru, halafu akaomba madaftari yangu ya zamani ili ajifunze. Nikamwahidi. Nilirudi nyumbani Kamenu polepole, nikiwa na aibu ambayo yeye hakuiona, maana jibu lile fupi sikulijua bure, na aliyelilipia si mimi. Nataka ninyi makocha vijana mlijue jina lake kabla hamjayafungua hayo madaftari.

Kwa wasionijua: nilikuwa karani wa stoo katika kiwanda kimoja cha nyuzi, na kwa miaka ishirini na sita nilikuwa pia kocha wa mazoezi ya viungo wa timu yetu ya mtaa. Kocha mkuu ndiye aliyepanga nani acheze wapi. Kazi yangu ilikuwa pumzi na miguu. Nilikuwa na filimbi, saa ya kupimia mbio niliyoifunga kwa kamba ya kiatu nikaivaa shingoni, na daftari lenye jalada la plastiki. Kila Jumatano, saa kumi na mbili na robo asubuhi, wachezaji walikimbia mizunguko sita ya uwanja, nami niliandika dakika na sekunde za kila mmoja. Kumi na wanne wa kwanza ndio waliopelekwa kwa kocha mkuu kwa ajili ya mechi ya Jumapili saa kumi alasiri. Wengine walibeba maji na mipira.

Vijana waliiita siku hiyo "Jumatano ya Saa." Mimi nilikuwa na msemo wangu ambao nyote mnaujua, ule wa mapema ndio besti, na niliusema kila wiki kana kwamba niliutunga mimi. Niliamini kwamba mtu anayeweza kukimbia kwenye umande wa mwezi wa saba, mvuke ukimtoka mdomoni, ataweza kukimbia wakati wowote. Ilionekana ni jambo la akili ya kawaida. Mambo mengi niliyokosea katika kazi hii yalionekana hivyo.

Sasa niwaambie kuhusu Mburu.

Mburu alikuwa winga wa kushoto, mwembamba, miguu mirefu kama ya korongo. Alikuwa akijifunza kuchomelea vyuma kwa fundi mmoja karibu na soko. Ukimwona akicheza na wenzake alasiri, mpira wa kujifurahisha tu wa kugawana wenye shati na wasio na shati, ungesimama uangalie. Alikuwa akimpita beki, anamngoja, halafu anampita tena. Lakini Jumatano asubuhi alikuwa mtu mwingine. Magoti hayakukunjika vizuri, pumzi ilimwishia mapema, na alimaliza wa kumi na nane au wa ishirini. Wenzake wakambandika jina la Jioni.

"Jioni! Umeamka ama umebebwa?" mmoja angepiga kelele.

"Muache, bado anaota. Akifika mzunguko wa nne ataanza kuota anakimbia."

"Chekeni tu," Mburu angesema akihema. "Tukutane Jumapili saa kumi."

"Jumapili saa kumi utakuwa umeshika ndoo ya maji, buda!"

Wote wangecheka, na mimi pia nilicheka. Nilimwandika mvivu, si kwa wino, lakini kichwani. Na hapa kuna jambo ambalo lilikuwa mbele ya macho yangu nisilione: Mburu hakuchelewa hata siku moja. Mara nyingi nilimkuta uwanjani kabla yangu, akirukaruka kwenye giza jembamba ili apate joto. Mvivu gani anayefika wa kwanza?

Aliyeliona hilo ni Mzee Mutua. Mutua alikuwa mtunza uwanja, Mkamba mmoja aliyehamia upande wa mashariki wa mji, akiwa na shamba lake dogo huko, na ndiye aliyechora mistari ya uwanja kwa chokaa. Mimi nilikuwa na miaka arobaini na kitu, lakini kwake nilikuwa kijana.

"Wee kijana," aliniambia Jumatano moja baada ya vijana kuondoka, "unajua kwa nini sichori mistari asubuhi?"

"Kwa sababu unapenda kulala, mzee."

"Kwa sababu chokaa haishiki kwenye umande. Unaimwaga unaiona nyeupe vizuri kabisa. Ukirudi saa nne imekuwa uji. Chokaa si mbaya. Saa ndiyo mbaya." Akaelekeza kidole chake upande ambao Mburu alikuwa ameondokea. "Yule mpime alasiri."

Nikacheka nikamwambia mchezaji si chokaa. Akabeba ndoo yake akaenda.

Niwaeleze kidogo kile ambacho Mutua alikijua kwa macho na ambacho siku hizi mnafundishwa darasani. Mwili una joto lake, na joto hilo halikai mahali pamoja kutwa nzima. Liko chini alfajiri, linapanda taratibu, na kwa watu wengi linafika juu kabisa alasiri kuelekea jioni. Angalia mafuta ya kupikia kwenye kopo asubuhi ya baridi: yameganda, kijiko hakiingii. Hayajaharibika. Yanangoja moto. Misuli nayo inafanana na hayo mafuta kwa namna fulani. Alasiri inavutika, inasukuma kwa nguvu, na mtu anaruka juu zaidi bila kujua kwa nini. Halafu watu hawafanani. Kuna anayeamka na jogoo akiwa tayari kabisa, na kuna ambaye mwili wake unafungua duka saa tano. Hakujitengeneza hivyo, na kumtukana hakumbadilishi.

Nilipata maonyo mengine. Asubuhi moja ya baridi nilimwambia beki wetu wa kati akimbie mbio fupi za kasi baada ya kujinyoosha dakika tano tu, kwa sababu nilikuwa nachelewa kazini. Katika mbio ya tatu nikasikia mlio kama wa uzi mnene unaokatika, naye akaanguka ameshika nyuma ya paja. Alikaa nje wiki saba. Nilimlaumu kwamba hakujinyoosha vizuri. Ninyi msifanye hivyo. Mkilazimika kufanya mazoezi alfajiri, mpashe miili joto mara mbili ya muda mnaotumia alasiri, mwanze na kutembea, kisha kukimbia taratibu na sweta zikiwa mwilini, na mbio za kasi ziwe za mwisho kabisa.

Halafu kuna ile mechi ya Juja. Tulialikwa kucheza saa nane mchana, na mama wa kapteni wetu, Mungu ambariki, akatupikia githeri ya mahindi na maharagwe yenye parachichi, sufuria kubwa, saa saba kasorobo. Vijana wakala kama watu wanaojenga nyumba. Kufikia dakika ya ishirini tulikuwa tumefungwa matatu. Nilimwona kipa wetu kwa macho yangu akipiga miayo huku winga wao anakuja. Wakati wa mapumziko nikamuuliza, "Wewe, umelala?" Akanijibu kwa unyoofu, "Kochi, si kulala. Naona tu kila kitu kiko mbali." Saa nane ni saa ambayo mwili wenyewe unataka kuinama kidogo, hata bila chakula. Ukiuongezea githeri, umewaimbia wachezaji wako bembelezo. Chakula kizito kiliwe masaa matatu au manne kabla ya mechi, na cha karibu kiwe ndizi moja na chai.

Tulicheka githeri ile kwa miaka. Sikujiuliza: kama saa nane inaweza kumlaza kipa aliyesimama, je, saa kumi na mbili asubuhi inaweza kumfanyia nini winga?

Na aibu kubwa zaidi ni kwaya. Niliimba sauti ya tatu kanisani miaka yote hiyo. Mwalimu wetu wa kwaya alikataa katakata kufanya mazoezi asubuhi. "Koo haliamki na mwenye koo," alisema. Kwa ibada ya kwanza alituchagulia nyimbo za chini chini, na zile za kupanda akaziweka ibada ya pili. Mimi nilimwelewa kabisa, kwa sababu nilisikia kwenye shingo yangu mwenyewe jinsi noti ya juu inavyokataa saa moja asubuhi na kukubali saa tano. Mazoezi ya kwaya yalikuwa Jumamosi saa kumi alasiri. Nilikwenda kila Jumamosi, nikaimba vizuri, nikarudi nyumbani, na Jumatano nikasimama kwenye umande na saa shingoni nikaita watu wavivu.

Mtaniuliza kwa nini ilikuwa lazima iwe alfajiri. Kwa muda mrefu nilijibu kwamba alfajiri hujenga nidhamu. Leo nitasema ukweli. Nilikuwa naingia kiwandani saa mbili asubuhi na kutoka saa kumi na moja jioni. Alfajiri ilikuwa saa yangu. Niliichukua nafasi iliyonifaa mimi, nikaivalisha nguo ya hekima, nikawapimia nayo watu wengine.

Basi, ikafika wiki ile. Ni karibu miaka ishirini sasa.

Mtu wa klabu moja kubwa ya Nairobi alimpigia kocha mkuu simu. Alikuwa anatafuta wachezaji wawili wa kuwajaribu, na alikuwa amesikia kwamba timu yetu ina mtu anayetunza rekodi za mbio. Kocha mkuu akafurahi sana. "Mambo ya pumzi muulize huyu," akasema, akanipa simu. Yule mtu akaniambia nimtumie majina mawili kufikia Jumatano jioni. Nilivimba kichwa, sitawaficha. Daftari langu lilikuwa limesikika Nairobi.

Ijumaa, nikitoka kazini, nilimkuta Mburu kwenye lango la kiwanda. Alikuwa na aproni yake ya kazi, na nyusi zimeungua kidogo kwa cheche.

"Kochi, nimesikia kuna mtu anatafuta wachezaji."

"Umesikia vizuri."

"Nipime saa kumi. Mara moja tu. Nikishindwa sitakusumbua tena."

"Mburu, jua halimbadilishi mtu."

"Linanibadilisha, Kochi. Mimi najijua." Alisema kwa sauti ya chini, maana wafanyakazi wengine walikuwa wakipita. "Nina miaka ishirini na mitatu. Mwaka kesho hakuna mtu atakuja kuniangalia."

"Wenzako wanaamka. Wewe pia amka."

Akakaza kamba ya aproni yake. "Mimi huamka, Kochi. Ni mwili ndio hauamki."

Nikamwambia kipimo ni kimoja kwa wote, na kwamba nikimbadilishia yeye saa itabidi nimbadilishie kila mtu. Nilidhani hilo ni neno la haki. Lilikuwa kweli pia, ila nililisema kama sababu ya kutofanya, wakati lilikuwa sababu nzuri kabisa ya kufanya: ningewapima wote alasiri. Jumamosi nilikuwa huru tangu saa saba. Nilikwenda kwaya.

Jumatatu asubuhi Mzee Mutua alinikabidhi karatasi iliyokunjwa mara nne. Nilikuwa nimemwachia saa yangu ya akiba ya kutumia siku za mechi. Nikaifungua nikiwa nimeegemea mlingoti wa goli. Mwandiko wake ulikuwa mkubwa, wa penseli: Mburu. Mizunguko sita. Jumamosi saa kumi na robo. Nyasi kavu. 7.12.

Dakika saba na sekunde kumi na mbili. Jumatano iliyotangulia Mburu alikuwa amekimbia 7.58. Aliyeongoza siku hiyo, kwa muda bora kuliko wote katika miaka yote ya daftari langu, alikuwa na 7.16.

"Umeona?" Mutua aliuliza.

"Nitaangalia," nikasema, nikaiingiza kwenye jalada la plastiki la daftari.

Vijana wangu, nawaomba msikilize hapa kuliko mahali pengine popote. Siku mbili zile nilijitafutia sababu, na zilikuwa sababu nzuri. Umande huongeza uzito kwenye viatu, na Mburu alikimbia kwenye nyasi kavu. Alikimbia peke yake, bila wenzake kumziba njia. Mutua huenda alichelewa kubonyeza. Kipimo kimoja si kitu. Yote hayo kocha makini anapaswa kuyafikiria. Lakini kocha makini angeyafikiria halafu akasema, hebu tupime tena. Mimi niliyafikiria ili nisipime tena.

Kwa maana kama karatasi ile ilikuwa ya kweli, basi mechi zetu tulizocheza saa kumi nilizichagulia watu kwa saa kumi na mbili asubuhi, miaka nenda miaka rudi. Kulikuwa na vijana wengine niliowaondoa kabla ya Mburu. Wengine walikuwa wameacha mpira. Sikuogopa Mburu aende Nairobi. Niliogopa daftari langu.

Jumatano jioni nikatuma majina mawili, wa kwanza na wa pili wa alfajiri ile.

Mutua aliniuliza mara moja tu. "Ile karatasi?"

"Niliiona."

"Na?"

"Nyasi zilikuwa kavu, mzee."

Akainua ndoo yake ya chokaa. "Hata huko Nairobi, nyasi hukauka saa kumi," akasema. Hakuniuliza tena mpaka alipofariki.

Wale wawili walirudi baada ya wiki moja. Walikuwa wachezaji wazuri, sitawavunjia heshima, lakini majaribio yalifanywa saa tisa alasiri, na hapo walikuwa wa kawaida kati ya wengi. Yule mtu alinipigia simu kunishukuru, mtu mstaarabu. Kabla hajakata, akauliza, "Na winga wa kushoto, huna hata mmoja?"

Nikasema, "Kwa sasa, hapana."

Kosa la kwanza ningeweza kuliita ujinga. La pili, woga. Hili la tatu silijui jina lake. Mlango ulifunguliwa mara ya pili, na mimi nikaufunga kwa mkono wangu.

Mburu alimaliza msimu, akiwa ameshika ndoo ya maji zaidi ya mpira, kisha akahamia Ruiru kutafuta kazi. Mwaka uliofuata nilianza kupima alasiri za Jumamosi, nikaacha kwaya kwa ajili hiyo, na timu ikawa bora mbele ya macho ya kila mtu. Watu walinisifu kwamba nimevumbua mbinu mpya. Nilipokea sifa hizo. Hakuna aliyejua mbinu ilitoka wapi, isipokuwa Mutua, naye alikuwa akichora mistari yake kimya.

Kwa hiyo nikiwaambia mfanye mazoezi saa ya mechi, si kwa sababu ni sheria ya mbinguni. Siku hizi mashindano yana timu nyingi, na unaweza kupangiwa mechi saa tatu asubuhi. Basi, wiki mbili kabla, wazoeshe wachezaji saa tatu. Mwili hujifunza, ingawa haujifunzi wote sawa. Msimlinganishe aliyepimwa asubuhi na aliyepimwa jioni. Muandike saa kando ya kila kipimo, na hali ya nyasi, kama Mutua alivyofanya bila kufundishwa na mtu. Mnazo saa za mkononi zinazohesabu hata mapigo ya moyo, na mimi nazipenda. Lakini hata saa hizo zitamwonea mtu kama mtampima wakati ambao si wake. Na mchezaji akikuambia, "Mimi najijua," mpe alasiri moja. Akikosea umepoteza alasiri moja tu.

Nimesema yule kocha kijana aliomba madaftari. Niliyashusha kutoka juu ya kabati, na sitawadanganya kwamba karatasi ilianguka kwa bahati. Nilijua iko wapi. Kila tulipohama nyumba nilijua iko wapi. Mke wangu alinikuta nimeishika.

"Ni nini hiyo, Baba Wambui?"

Nikamweleza yote, kwa mara ya kwanza. Akasema, "Basi unaniambia mimi ya nini? Mwenyewe si yuko?"

Mwenyewe yuko Kiuu, huko huko Ruiru. Ana karakana ya milango na madirisha ya chuma, na wiki iliyopita nilikwenda huko saa tisa alasiri. Alikuwa ameinama juu ya geti, cheche zikiruka. Aliponiona akavua miwani yake nyeusi. Mvi zimemwingia pembeni.

"Haiya! Kochi! Kochi mwenyewe!" Akanifutia stuli kwa kitambaa, akaagiza chai kwa jirani. "Ni vizuri umekuja mchana. Ungekuja asubuhi ungenikuta nimelala juu ya geti."

Tulicheka. Tuliulizana habari za nyumbani. Ana watoto watatu, na Jumamosi jioni bado anacheza na wazee wenzake, goti moja likiwa limefungwa bendeji. Chai ikaja. Mkono wangu ukaingia mfukoni, ukatoka, ukaingia tena.

"Mburu, kuna kitu nilikuja kukuambia."

Aliangalia mkono wangu. "Ni ile karatasi?"

Nikainamisha kichwa kukubali.

"Mimi ndiye nilikimbia, Kochi," alisema taratibu, kama anayemwelekeza mgeni njia. "Mzee Mutua alinisomea kabla ya kuikunja. Akaniambia utaipata Jumatatu. Basi nikangoja Jumatatu. Nikangoja Jumanne. Jumatano nikakimbia kwa umande kama kawaida, nikijua iko ndani ya hilo daftari umeshika."

"Mbona hukuniuliza?"

"Ningekuuliza nini? Ulikuwa kochi."

Nilimwomba msamaha. Nilimwambia pia kuhusu ile simu ya pili, ya winga wa kushoto, kwa sababu hiyo hakuijua, na nilitaka ajue kipimo chote cha kosa. Aligeuzageuza bawaba ya mlango mkononi, akiifungua na kuifunga.

"Nilishakusamehe," akasema mwishowe. "Hiyo ya simu nitakusamehe pia, nipe muda kidogo. Lakini nikuambie jambo moja, Kochi. Si Nairobi iliyoniuma. Wengi hawakufika Nairobi. Ni kwamba uliiona, ukanyamaza, na mimi nikaanza kuamini kwamba labda kweli ni mvivu. Nimekuwa fundi hapa miaka kumi na saba, na bado nikichelewa kufungua asubuhi nasikia sauti yako. Hiyo ndiyo imechukua muda kutoka."

Nikamnyooshea karatasi. Alijipangusa vidole kwanza, akaifungua, akaisoma, akaweka kidole kwenye ile 7.12 kama mtu anayegusa picha. Kisha akaikunja mara nne, kwa mikunjo ile ile, akanirudishia.

"Kaa nayo wewe. Mimi sikuihitaji ili nijue."

Akavaa miwani yake, kwa maana mteja alikuwa ameingia.

Kesho yule kocha kijana atakuja kuchukua madaftari. Jana nilifungua ukurasa wa wiki ile, ule wenye 7.16 juu kabisa, na katika nafasi ndogo iliyobaki juu yake nikaandika: Mburu, saa kumi na robo alasiri, nyasi kavu, 7.12. Karatasi ya Mzee Mutua nimeibana hapo hapo. Na kando ya jina nimeweka tarehe ya jana, siyo ya siku zile, ili atakayesoma asije akadhani kwamba niliandika kwa wakati.